Dakika Mbili za Yangzom

Mzee Hjalmar Tveit alikuwa na miaka tisini na mmoja na ndevu ngumu kama mabua, na katika nyumba nzima ya wazee pale Columbia Heights hakukubali kunyolewa na mtu mwingine isipokuwa Yangzom. Wengine walimkata. Yangzom alikuwa na mkono mwepesi, na alikuwa na jambo jingine ambalo mzee alilipenda zaidi: hakumsemesha kama mtoto.

"Leo unaninyoa au unanichuna?" mzee aliuliza kila asubuhi.

"Ukinyamaza nakunyoa. Ukisema nakuchuna."

Mzee alifumba macho akatabasamu, na kazi ikaendelea.

Yangzom alikuwa na miaka hamsini na saba. Alitoka kwao Tibet akiwa na kumi na tisa, akivuka milima kwa miguu nyuma ya mjomba wake, akafika Nepal na vidole viwili vya mguu vimekufa kwa baridi. Akaishi India miaka saba. Halafu ikachezwa bahati nasibu ya watu elfu moja wa kupelekwa Marekani, jina lake likatoka, na mwaka wa tisini na tatu akashuka uwanja wa ndege wa Minnesota mwezi wa Januari. Watu wakamwonea huruma kwa baridi. Yeye akacheka. Baridi ndicho kitu pekee alichokifahamu pale.

Miaka thelathini amefanya kazi ileile ya kuosha wazee, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Mumewe Jigdal alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Binti yake Chukyi alikuwa mfamasia, ana nyumba yake, na alimpigia mama yake simu kila siku alipotoka kazini. Kwa mtazamo wa jirani, Yangzom hakupungukiwa na kitu.

Lakini alikuwa na mdogo wake wa kike, Palkyi, aliyebaki kijijini kwao.

Simu za picha zilipokuja walianza kuzungumza kila Jumapili. Wiki za mwanzo walilia. Baadaye wakazoea, wakawa hawana hata haja ya maneno. Palkyi aliiegemeza simu kwenye dirisha la jikoni akatoka kwenda kukamua, na Yangzom, upande wa pili wa dunia, alikaa na kikombe chake cha chai ya siagi akilitazama jiko tupu, akisikia mbwa akibweka na ndoo ikigongana na mlango. Palkyi akirudi alisema, "Bado upo?" Naye akajibu, "Bado nipo." Hivyo kwa miaka tisa.

Jumapili moja Palkyi hakuiegemeza simu dirishani. Aliishika karibu sana na uso, Yangzom akaona paji la uso tu na jicho moja.

"Dada, usinipigie tena," alisema. "Mwaka huu nina kazi nyingi."

"Kazi gani?"

"Nyingi."

Kesho yake picha ya Palkyi kwenye simu ikageuka kivuli cha kijivu. Namba haikuwepo. Yangzom akaja kusikia kwa watu kwamba wanakijiji kadhaa waliitwa kuulizwa walikuwa wakizungumza na nani nje. Hakuambiwa zaidi, na hakuthubutu kuuliza zaidi. Ilikuwa imepita miaka miwili na miezi minne.

*

Asubuhi moja ya Februari Yangzom alimaliza kumnyoa mzee mapema, akaketi kando ya kitanda akatoa fomu ya kubadilisha pasi ya kusafiria. Alitaka kwenda India kuhiji. Akaandika jina, akaandika anwani, kisha akasita.

"Mbona kalamu imesimama?" mzee akauliza.

"Wanauliza nilikozaliwa."

"Kwani umesahau?"

"Mimi sijasahau. Wao ndio hawakumbuki. Mara ya mwisho niliandika Tibet, pasi ikarudi imeandikwa China."

Mzee Hjalmar alifumba macho, Yangzom akadhani amesinzia. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa maisha yake yote, na hakupenda kukurupuka kusema.

"Karin akija Jumamosi nitamwambia," alisema mwishowe. "Si yuko kule kwenye baraza la jimbo? Wana makarani tele. Waandike basi kitu cha maana."

Karin Tveit alikuwa mwalimu wa muziki aliyestaafu kabla ya kuchaguliwa mwakilishi. Jumamosi alikuja na keki ya limau kama kawaida yake, akamsikiliza baba yake, kisha akamgeukia Yangzom uso umemshuka kidogo.

"Pasi ni mambo ya Washington," alisema. "Sisi wa jimbo hatuna jeshi la kupeleka wala balozi wa kumfukuza. Tukitaka kusema neno juu ya nchi za nje, tulicho nacho ni azimio tu."

"Azimio linafanya nini?"

Karin alikuwa mtu mkweli. "Halifanyi kitu. Linasema."

"Basi liseme," mzee akadakia kutoka kitandani. "Mnasema mangapi ya kipuuzi mle ndani."

Kumbe Rabten, mwenyekiti wa jumuiya ya Watibeti, dereva wa basi la uwanja wa ndege, alikuwa amewaandikia wawakilishi barua mwaka wa nne sasa, akijibiwa kwa kadi za asante. Karin alipompigia simu, Rabten aliegesha basi kwanza ndipo akaamini. Azimio likaandikwa: kwamba baraza la jimbo la Minnesota linaitambua lugha, dini na historia ya watu wa Tibet, na linatamani siku watakapoweza kwenda na kurudi kwao kwa amani. Likapewa namba, likapangiwa kamati. Kilichobaki ni shahidi.

*

Mwaka mpya wa Kitibeti ulikuwa umekaribia, na wanawake wamejaa jikoni kwenye ukumbi wa jumuiya wakikunja momo, vile vifurushi vya unga vyenye nyama ndani, kwa mamia. Rabten akaingia na kofia ya kazi mkononi, akaenda moja kwa moja hadi meza ya Yangzom.

"Yangzom-la," akasema kwa heshima, "nina ombi."

"Chukua unga, ukunje huku unaomba."

Akachukua, akakunja vibaya. "Wale waheshimiwa wanasikia takwimu kila siku, masikio yameota sugu. Wanahitaji mtu. Waambie habari za Palkyi. Jumapili zenu, simu dirishani, jinsi ilivyokatika. Hakuna atakayebaki na macho makavu."

Yangzom aliendelea kukunja. "Palkyi si wangu kumgawa."

"Dakika mbili tu."

"Na mimi nimekujibu kwa maneno manne."

Chukyi alikuwa amesimama kwenye sufuria ya mvuke. Alikuja akifuta mikono. "Amala, ndicho wanachotaka, tunyamaze. Ukinyamaza wameshinda."

"Mwanangu, wewe umezaliwa hospitali ya hapa. Kelele ukipiga zinakurudia mwenyewe. Zangu zinamwangukia mwingine."

Chukyi akarudi kwenye sufuria, macho yamemjaa machozi. Rabten akafungua mdomo tena, lakini bibi Samten, mkubwa wao wote, aliyekuwa anaonja chumvi kwenye nyama kana kwamba hasikii, akamkata.

"Wewe Rabten, kama unatafuta shahidi, kamtaje mama yako."

"Mama yangu alishafariki, bibi."

"Ndiyo maana mdomo wako mwepesi."

Wanawake wakaangua kicheko, hata Rabten mwenyewe. Akaweka mezani ile momo yake iliyopinda, akaaga. Yangzom aliitazama, akaikunjua, akaikunja upya.

Usidhani jambo lilimtoka moyoni. Wiki ile aliligeuza akilini kila alipokuwa peke yake ndani ya gari. Asiyekuwapo na lake halipo, hilo alilijua. Na lilikuwepo jingine ambalo hakumwambia mtu. Siku moja, akitandika kitanda, alitaka kukumbuka jina la shamba lao la shayiri lile la juu, lililokuwa na jiwe katikati kama ng'ombe aliyelala. Aliliona jiwe. Alimwona Palkyi mdogo amelipanda, miguu inaning'inia. Jina halikuja. Alishika shuka mkononi mpaka mwenzake akamwuliza kama anaumwa. Zamani angesubiri Jumapili akauliza. Sasa hakuwa na wa kumwuliza duniani, na jina lile, kama mdogo wake naye amelisahau, limekufa.

Jioni hiyo alimpigia Karin.

"Nitakuja. Lakini sitasema habari ya ndugu yangu yeyote."

"Sema unachoweza," Karin akamwambia. "Ila ujue mambo mawili. Lazima utaje jina lako, na kikao kinaonyeshwa kwenye mtandao, yeyote popote anaweza kukitazama. La pili, wajumbe wameandikiwa barua na ubalozi mdogo wa China. Barua ya adabu tu, inasema haya ni mambo ya ndani ya nchi yao na yanaweza kuharibu urafiki na biashara. Kuna wajumbe itawagusa."

"Jina langu wanalo tangu nilipovuka," Yangzom alisema. "Nitalitaja."

*

Chumba cha kamati kilikuwa chini kabisa ya jengo lile kubwa la St. Paul lenye farasi wa dhahabu juu ya paa. Yangzom alivaa chuba yake nyeusi, ile kanzu ndefu ya Kitibeti, na aproni ya mistari ya mwanamke aliyeolewa, akaketi katikati ya Chukyi na Rabten. Kabla ya zamu yao ulisikilizwa muswada wa kumfanya dubu mweusi awe mnyama wa jimbo. Mtu mmoja alimtetea dubu kwa machozi kabisa.

"Wakimlilia dubu," Rabten akanong'ona, "sisi hatukosi."

Yangzom alikuwa ameshika karatasi aliyochapiwa na Chukyi. Ilikuwa hotuba nzuri. Alikuwa ameisoma mara kumi na moja, na kila aliposoma alifuta neno hili au lile, sasa karibu karatasi nzima ilikuwa wino mweusi.

Akaitwa. Akaketi mbele ya kipaza sauti.

"Karibu, mama," akasema mwenyekiti wa kamati. "Taja jina lako kwa ajili ya kumbukumbu. Una dakika mbili."

"Naitwa Yangzom. Nimezaliwa Tibet, kijiji chenye nyumba kumi na saba. Sitakitaja. Nina watu kule. Sitawataja. Sitasema ni wangapi, wala kama ni wanaume au wanawake, wala mara ya mwisho niliwasikia lini." Akaiweka karatasi chini. "Binti yangu ameniandikia hotuba, lakini kila mstari una mtu ndani yake. Kwa hiyo siwezi kuwasomea."

Mjumbe aliyekuwa anapekua makaratasi akaacha kupekua.

"Naweza kuwaambia habari ya maji. Maji hayaitwi kuulizwa maswali. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na chemchemi. Majira ya baridi unavunja barafu kwa kisigino, unachota, na ukinywa meno yanauma mpaka kwenye sikio. Yana ladha ya chuma kidogo. Mama yangu alisema ndiyo maana wanawake wa kwetu ni wakaidi, tumekunywa misumari." Kuna aliyecheka kidogo. "Nimekunywa maji ya India, ya Nepal, ya hapa. Maji ya hapa ni mazuri, sina lalamiko. Lakini nikiwa na kiu, kiu kabisa, si haya ninayoyafikiria. Miaka thelathini na minane. Ningependa kuyanywa mara moja kabla sijafa. Ni hilo tu."

Zilikuwa zimebaki sekunde arobaini. Hakuzitumia.

Mwakilishi Dale Wiersma akaomba kuuliza. Alikuwa mkulima wa soya kutoka kusini, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu kwa jua, na barua ya ubalozi ilikuwa mbele yake imekunjuliwa.

"Mama, nauliza bila ubaya wowote. Kwetu tunalima soya, na nyingi huvuka bahari kwenda kule kule. Watu wangu wataniuliza. Hili azimio likipita, litafanya nini?"

"Hakuna," Yangzom akajibu.

Rabten akafunika macho kwa kofia yake.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mheshimiwa. Mimi nafanya kazi na wazee. Wapo waliosahau watoto wao, waliojisahau wenyewe. Kila asubuhi nikiingia nasema, habari za asubuhi Bwana Larsen, habari za asubuhi Bibi Novak. Hilo jina halimponyi mtu. Lakini siku nisipolitaja, amekuwa kitanda namba kumi na mbili."

Wiersma alimtazama, akaitazama barua, akaikunja. "Asante, mama," alisema.

Kura zikapigwa, azimio likapita kamati. Wiersma alipiga ya hapana. Kisha akawafuata kwenye korido, akamnyooshea Yangzom mkono mkubwa wenye sugu.

"Babu yangu alitoka Friesland, Uholanzi," alisema. "Alikufa anazungumza habari ya mfereji uliopita nyuma ya nyumba yao. Sikuwahi kumwuliza unaitwaje." Akatikisa kichwa. "Wapiga kura wangu ni soya, mama. Nadhani unaelewa."

"Naelewa," Yangzom alisema, na kweli alielewa. Chukyi alikasirika kwa niaba yake njia nzima hadi nyumbani.

*

Baraza zima lilikaa kulijadili mwezi wa Aprili. Watibeti ishirini na tano walijipanga kwenye roshani ya wageni, wameshika khata, zile skafu nyeupe za heshima, mikononi. Chini, ukumbi ulikuwa na kelele kama soko linalofungwa. Wawakilishi walitembeleana, walikula karanga, walisoma simu. Timu ya wasichana ya mpira wa magongo wa barafuni ilikuwa imetoka kupongezwa, na kombe lao bado liko mezani.

Karani akainuka, akasoma mbio mbio. Kwa kuwa hivi, kwa kuwa vile, kwa kuwa Minnesota ni makao ya maelfu ya Watibeti. Na iazimiwe basi. Karin alisimama akasema maneno machache. Spika akauliza wanaokubali. "Ndiyo" ikaviringika ukumbini, nene, ya watu wengi kuliko Yangzom alivyodhani wanasikiliza. Wanaokataa? Sauti mbili tatu. Nyundo ikagonga. Dakika nne.

"Imeanza?" bibi Samten akauliza.

"Imekwisha, bibi," Chukyi akamwambia.

"Imekwisha? Mimi nilikuwa bado natafuta miwani!"

Kule kwenye korido watu walikumbatiana. Rabten alimvisha Karin khata, akamvisha mlinzi wa mlango, akakaribia kumvisha mpita njia. Wazee walianza kuimba taratibu, na sauti ikapanda ndani ya kuba la jengo ikarudi kubwa kuliko ilivyotoka. Bibi Samten alikuwa analia waziwazi bila kujifuta.

Yangzom alijitenga akaenda dirishani. Theluji ilikuwa inayeyuka kwenye ngazi za nje, inatiririka. Alingoja furaha ije. Ilikuja, lakini ilikuja kama mgeni aliyekosea nyumba, ikasimama mlangoni ikitazama huku na huku. Maana katika dunia nzima alikuwepo mtu mmoja ambaye Yangzom alitaka kumwambia. *Unajua leo wamesema jina letu, wote, wengine wakila karanga?* Na mtu huyo ndiye pekee ambaye hakupaswa kujua.

Akaegemeza paji la uso kwenye kioo, kikampoza. Akakaa hivyo mpaka Chukyi alipomjia, akamshika mkono.

*

Karin aliwaletea nakala yenye muhuri wa dhahabu. Yangzom alimsomea mzee Hjalmar yote, polepole, kwa lafudhi yake.

"Umeridhika?" mzee akauliza.

"Hapana."

"Hata mimi. Lakini wameandika vizuri."

Pasi mpya ilifika mwezi wa Mei. Mahali pa kuzaliwa palikuwa pameandikwa vilevile kama zamani. Yangzom alipaangalia, akaiweka pasi kwenye mkoba, hakumlaumu mtu. Aliambiwa tangu mwanzo. Mzee alifariki wiki ya kwanza ya Juni, usingizini, na Karin aliomba Yangzom amnyoe kwa mara ya mwisho. Alimnyoa bila kumkata. Chumba kilikuwa kimya mno, akajikuta anazungumza peke yake kwa Kitibeti, lugha ambayo mzee hakuijua hata neno. Asubuhi iliyofuata chumba kile kilipata mtu mwingine, bibi mmoja mkali aliyechukia kuoshwa, na kazi ikaendelea.

Mwezi wa Oktoba mjukuu wa bibi Samten alimpokea mkewe, Norkyi, aliyengoja vibali miaka mitatu kule Chengdu, China. Jumuiya ikafanya karamu ya kumkaribisha. Norkyi alikuwa mwembamba, mwenye haya, usingizi wa safari bado umo machoni. Alisalimia mstari mzima wa watu, khata zikamfika masikioni. Alipofika kwa Yangzom akasimama. Akamtazama kidevuni.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini, "hilo kovu ulipigwa na nini?"

"Teke la ndama wa yaki, nikiwa mtoto. Kwa nini?"

Norkyi akasogea mbele. Alimaliza mstari, akangoja watu waanze kula, kisha akamvuta Yangzom kwa mkono hadi kwenye chumba cha kuwekea makoti, akafunga mlango.

"Agosti nilikwenda Tibet kuwaaga wazazi wangu," alisema. "Jino likaniuma, nikaenda kwa daktari mjini. Foleni ndefu. Kando yangu amekaa mama mmoja, shavu limevimba. Tukaanza maongezi ya kupoteza muda. Nikamwambia naenda kwa mume wangu. Akauliza mji gani. Nikamtajia. Akanyamaza mpaka nikadhani ni jino."

Yangzom alikuwa ameketi juu ya makoti bila kujua ameketi.

"Halafu akasema, huko yuko mwanamke mwenye kovu la teke kidevuni. Hakutaja jina, na mimi sikuuliza. Akasema, ukimwona, usimwambie chochote. Mwangalie tu kwa niaba yangu. Uone kama amenenepa au amekonda." Norkyi akajifuta pua kwa mkono wa nguo. "Aliniambia nisikuambie, shangazi. Nisamehe. Nimeshindwa."

Yangzom alipoweza kusema, hakuuliza yale ambayo mtu angedhani.

"Alikuwa anang'oa jino gani?"

"La juu. Hapa mbele. Na la pembeni lilikuwa limeshatoka zamani."

"Anacheka akiwa amefunika mdomo?"

"Ee. Hivi." Norkyi akaonyesha, kiganja kimegeuzwa nje.

"Hivyo hivyo. Tangu mtoto." Yangzom akageuza kiganja chake mwenyewe akakitazama. "Amevaa nini? Yuko na nani?"

"Chuba ya kahawia. Na mtoto mdogo wa kike, kama miaka mitatu, amelala mapajani pake. Nadhani mjukuu. Alikuwa anamtikisa kwa goti muda wote, hata daktari alipomwita."

"Jina la mtoto?"

"Sikusikia, shangazi."

"Haidhuru." Akarudia, "Haidhuru," kana kwamba anambembeleza Norkyi. Mjukuu. Mdogo wake alikuwa na mjukuu wa miaka mitatu, aliyezaliwa kabla simu haijakatika au mara tu baada yake, na pengine Jumapili moja alikuwa tumboni mwa mama yake pale pale jikoni, nje kidogo ya kioo cha simu. "Na lile azimio? Wamelisikia kule?"

"Azimio gani?" Norkyi akauliza.

Yangzom akacheka, cheko la kweli, mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza hayakukoma mara moja. Nje ya mlango bibi Samten alikuwa anapaza sauti kwamba momo zinapoa na bibi harusi yuko wapi. Norkyi akatazama mlango, lakini hakuinuka.

Yangzom akavua miwani. Akajipangusa uso kwa ncha za aproni, akazikusanya nywele nyuma ya masikio, akainuka akasimama pale ambapo mwanga wa taa ulikuwa mzuri zaidi, akainua kidevu.

"Basi niangalie vizuri," alisema.

Na Norkyi akamwangalia.